Jamu Iliyonunuliwa Majengo

Ruhuwiko, Songea
14 Septemba 2024

Baba yako ameimaliza jamu yako. Chupa nzima, siku tatu, na asubuhi hii nimemkuta anazungusha kidole ndani yake kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka. Nimeona nikuandikie hilo kwanza, halafu ndiyo tusalimiane kama watu.

Tumsifu Yesu Kristo, mwanangu Careen. Hapa Ruhuwiko hatujambo. Mgongo wangu unauma asubuhi, ikifika saa nne unapona wenyewe, sijui unataka nini. Dada yako Rosemary kule Nakapanya amejifungua salama mtoto wa kiume, karibu kilo nne, na wauguzi walisema hawajapokea mtoto mwenye nywele nyingi hivyo mwaka huu wote. Nikamwambia Rosemary, hizo nywele zimetoka kwetu, asije mkwe akadai ni za kwao. Mama Shukuru jirani anakusalimu. Mforosadi wake umebeba mpaka matawi yamelala juu ya ukuta wetu, na yanayoangukia huku ni yetu, tumekubaliana.

Kama Sista Mlezi anaisoma barua hii kabla yako, shikamoo Sista. Asante kwa kunilelea mtoto. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumlea vizuri, bila shaka umeona.

Sasa jambo lenyewe. Polikarp, yule dereva wenu, alinipa chupa mlangoni wakati baba yako yuko nyuma kwenye karakana anapiga randa. Nikaiweka mezani pamoja na viazi vitamu. Akapaka, akala. Akapaka kingine. Kisha akauliza, hii imetoka wapi?

Careen, unamjua baba yako. Siku ulipoondoka kwenda novisiati kujifunza usista alipanda juu ya paa la banda la kuku akawa anapigilia bati ambalo halikuwa linavuja, hakushuka mpaka gari lilipoondoka. Tangu hapo jina lako halitaji, na mtu mwingine akilitaja anakumbuka ana kazi nje. Miaka miwili sasa. Niliogopa akijua ni mkono wako ataisukuma chupa pembeni, na alikuwa anakula kwa raha ambayo sijaiona siku nyingi. Basi mdomo wangu ukasema peke yake: nimenunua Majengo.

Akasema, ukienda tena lete mbili.

Majengo hakuna jamu kama hiyo, wewe unajua na mimi najua. Kwa hiyo niandikie inavyopikwa, kila kitu, usiruke hata kijiko. Mimi shule niliishia darasa la saba lakini sijawahi kushindwa na sufuria. Ningekupigia, ila ile simu ya masista nimeambiwa ni ya misiba na wagonjwa, na sijui kama jamu naweza kuiingiza humo.

Ni mimi mama yako, mwenye mtoto anayepika kuliko masista wote wa mkoa huu,
Skolastika


Novisiati
29 Septemba 2024

Shikamoo Mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefurahi mno kusikia habari za Dada Rosemary. Mwambie mtoto tumemwombea kwenye sala ya asubuhi, wote, hata nguruwe walisikia kwa sababu siku hiyo zamu yangu ilikuwa bandani na niliendelea kuomba hukohuko. Mimi ni mzima. Baridi ya huku milimani imeanza kupungua.

Sista Mlezi hasomi barua zangu, Mama. Ila nilimsomea ile salamu yako mwenyewe, akacheka mpaka akavua miwani. Anasema marahaba.

Tafadhali usiwaambie watu mimi ndiye ninayepika jamu hapa. Tuko wanovisi watano. Kwa kawaida kazi yangu ni kuchambua matunda na kuchemsha chupa. Ile niliyokutumia ndiyo ya kwanza kuachiwa niipike peke yangu, ndiyo maana nilikutumia.

Inapikwa hivi. Unachukua stroberi, forosadi, na yale matunda meusi ya miiba yanayoota kando ya mto. Kama hayo ya miiba huko hakuna, ongeza forosadi. Osha, toa vikonyo, usiponde yote, acha mengine mazima ili mlaji akutane nayo. Bakuli nne za matunda kwa bakuli tatu za sukari. Changanya, acha yatoe maji yake mpaka sukari ilowe. Usiongeze maji. Weka kwenye moto, na kamua limao moja zima humo. Limao usilisahau, ndilo linaloifanya jamu ishikane. Koroga, toa povu. Kujua kama imeiva, weka sahani kwenye beseni la maji baridi, idondoshee tone, lisukume kwa kidole. Likijikunja juu kama utando wa maziwa, ipua. Chupa ziwe zimechemshwa na ziwe bado moto. Na mwiko uwe wa kazi hiyo tu.

Mama, Baba amekula chupa nzima? Niandikie tena alivyosema. Na umwambie nani ameipika. Sitaki ale kitu changu kama kilichonunuliwa dukani.

Mwanao,
Careen


Ruhuwiko, Songea
13 Oktoba 2024

Mwanangu, kabla barua yako haijafika baba yako alikuwa ameshakwenda Majengo na chupa tupu mfukoni.

Marahaba, na Tumsifu Yesu Kristo. Huku mvua bado, vumbi limetuzidi. Mtoto wa Rosemary ameitwa Dastan na anacheka tayari, ingawa watu wanasema ni mapema. Watoto wa familia yetu hawasubiri. Yule kuku mweupe ametotoa kumi na moja.

Basi, baba yako. Jumamosi iliyopita aliniona nimerudi Majengo bila jamu mara ya tatu, mara nasema wamefunga, mara nasema imekwisha. Akavaa viatu, akatoka. Alikwenda duka kwa duka. Alimfikia yule Ibra wa kona anayeuza vyakula vya jumla, akamwekea chupa kwenye kaunta, akamwambia, nipe iliyokuwa humu. Ibra akainusa. Akamwambia, mzee, tangu nianze kuuza sijaona kitu kinanukia hivi kikatoka dukani, chukua hii ya kiwandani, nyekundu zaidi. Baba yako akanunua kwa aibu. Alipofika hapa akaionja, akaweka kijiko chini, akasema, hii ni rangi wameitia sukari. Halafu akanitazama. Akanitazama sana, Careen. Mimi nikaenda kuangalia vifaranga.

Siku mbili baadaye barua yako ikafika. Nikasema leo ndiyo leo. Forosadi nilichuma upande wetu wa ukuta, na nyingine upande wa Mama Shukuru yeye akiwa kanisani, nitamwambia. Stroberi nilinunua kwa wale akina mama wanaoshuka nazo kutoka milima ya Umatengo. Nikapika ulivyosema kabisa. Ikachemka, ikanukia mpaka wapita njia wakapiga hodi. Lakini haikushikana. Saa nzima, bado maji. Sasa mimi ni mtu wa akili, sikukaa nikalia. Nikachukua unga wa muhogo, vijiko viwili, nikakoroga.

Ukawa uji. Uji mwekundu, mzito, unavuta kama gundi ya baba yako. Tumewapa kuku. Kuku wenyewe walikula wakiwa wanatazamana.

Kwenye jumuiya yetu ya sala nimeshasema kwamba napika jamu, kwa hiyo usiniambie niache. Mwenyekiti Bartholomeo ameshaomba chupa.

Mama yako,
Skolastika

Lile la kumwambia baba yako nimelisikia. Natafuta siku nzuri.


Novisiati
27 Oktoba 2024

Shikamoo Mama,

Nimemsomea Sista Mlezi habari ya kuku, tukacheka wote jikoni. Hongera ya vifaranga, na mbusu Dastan. Ulitia limao? Hukuandika kama ulitia limao.

Mama, leo nataka kukuandikia jambo, na nakuomba usiliweke pembeni.

Tarehe nane Desemba ndiyo mwisho wa kumpelekea Mama Mkuu barua ya kuomba nadhiri za kwanza. Wenzangu wanne wameshapeleka. Mimi nimeandika mara tatu na mara tatu nimechana. Si kwamba sitaki. Nataka, na nimekuwa nikitaka hata kabla sijakuambia wewe. Lakini siku ya nadhiri wazazi wanamshika mtoto mkono, baba huku na mama huku, kutoka mlango wa kanisa mpaka mbele, wanamkabidhi. Ambaye baba yake amefariki anashikwa na baba mdogo. Mimi baba ninaye. Sitaki kutembea pale na Baba Mdogo Hironimus watu wakidhani baba yangu amefariki, kumbe yuko Ruhuwiko anapiga randa.

Sista Mlezi ameniambia hakuna anayenikimbiza, naweza kusubiri mwaka mwingine mpaka moyo utulie. Nami nikiona Baba haji, nitasubiri. Nimeshaamua hivyo.

Muulize kama atakuja. Nakuomba umuulize kwa maneno, si kwa kumtazama.

Careen


Ruhuwiko, Songea
9 Novemba 2024

Mwanangu mpenzi, nimepika ya pili na safari hii imekuwa jamu, karibu.

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima. Mvua ya kwanza imenyesha juzi, tumeanza kupanda mahindi, mimi mistari sita peke yangu na huu mgongo. Mama Shukuru ameshajua habari ya forosadi zake. Alinikuta na ndoo. Nikamwambia, jirani, nilikuwa nazihesabu. Akasema, basi zihesabu zikiwa kwangu. Tumecheka, tumegawana. Dastan ana uzito kuliko watoto wote waliopimwa siku ile kliniki, Rosemary amenithibitishia.

Safari hii sikutia unga wowote. Nilipika muda mrefu mpaka ikapungua nusu, na ikashikana kidogo, yaani ukiinamisha chupa inafikiri kwanza kabla ya kumwagika. Rangi nzuri kama joho la askofu. Kosa dogo tu ni kwamba mwiko wangu wa kazi hiyo ulikuwa umevunjika mpini, nikachukua ule mwingine, na ule mwingine Alhamisi ulikuwa umekaanga dagaa wa Nyasa. Niliuosha. Niliusugua na jivu. Lakini sukari ina njia zake za kutafuta harufu. Bartholomeo alipewa chupa yake, akasema ni jamu ya kipekee. Mke wake hakusema kitu.

Wanajumuiya wote wanajua sasa kwamba mimi na wewe tunapika jamu, wewe huko na mimi huku. Nimewaambia masista wanakutegemea. Najua ulinikataza, lakini niliulizwa.

Stroberi bado zipo. Nitapika ya tatu. Nimefikiri labda sufuria ndiyo tatizo, niazime ile pana ya Mama Shukuru. Wewe unatumia sufuria ya namna gani? Na moto wa mkaa au wa kuni? Chupa unachemsha dakika ngapi?

Jihadhari na baridi, vaa soksi ukilala. Nakutumia dagaa kwa Polikarp, wapeni masista waone Songea tunakula nini.

Mama yako anayekupenda,
Skolastika


Novisiati
17 Novemba 2024

Shikamoo Mama,

Dagaa wamefika, wanashukuru wote.

Barua yako ina kurasa tatu. Ndani yake kuna Dastan, Mama Shukuru, mwenyekiti, mke wa mwenyekiti na mwiko. Baba hayumo hata mstari mmoja.

Nilikuuliza mambo mawili, la limao na la Baba. Hukujibu hata moja. Zimebaki wiki tatu.

Sufuria yoyote inafaa.

Careen


Ruhuwiko, Songea
30 Novemba 2024

Careen, baba yako anasoma barua zako. Zote. Amezisoma tangu Oktoba.

Ngoja nikae vizuri. Tumsifu Yesu Kristo, mwanangu. Nimelitanguliza hilo, si kwa ubaya.

Leo asubuhi nilikuwa napika ya tatu, sufuria pana, mwiko mpya. Ikachemka. Mimi nakoroga, natoa povu, naitazama tu kama inanitazama na yenyewe. Mara baba yako akaingia jikoni. Wewe umekulia nyumba hii, umewahi kumwona baba yako jikoni? Akasimama nyuma yangu na penseli yake sikioni, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Akasema, limao liko wapi?

Nikasema, limao la nini? Limao ni la samaki.

Akasema, ameandika limao.

Nikasema, nani ameandika?

Akasema, mwanao.

Nikaacha kukoroga. Yeye akaenda moja kwa moja kwenye debe la unga, akafungua, akaingiza mkono chini, akatoa barua zako nilizoficha humo ndani ya mfuko wa nailoni. Akachomoa ile ya Septemba bila kutafuta. Akachukua penseli akanionyesha: hapa limao, na hapa tena limao, ameandika usilisahau. Wewe umepika mara mbili na mara mbili umeliruka. Kwa nini humsikilizi mtoto?

Careen, nilikuwa nimeliruka kweli. Sikukuandikia kwa sababu niliona aibu. Nilisema moyoni, mtoto niliyemfundisha kupika ugali hawezi kuniambia nitie limao kwenye kitu kitamu.

Nikamuuliza, wewe barua umezijuaje? Akasema, nilipotoka kwa Ibra nilijua hujanunua Majengo, nikaanza kutafuta ulikonunua. Nikamwambia, sawa, mimi nimeruka limao, na wewe katika barua hizo umeruka nini? Maana yale maneno ya mkono na mlango wa kanisa yamo, na aliyeyasoma ni wewe.

Alitoka. Nikajua ndiyo basi, amekwenda kwenye mbao zake. Kumbe alikwenda kwa Mama Shukuru. Akarudi na malimao matatu, akakata moja kwa kisu chake cha karakana, akakamua kwa mkono mmoja mpaka limao likabaki ganda. Akanipokonya mwiko. Akakoroga yeye, taratibu, kama anavyopaka vanishi. Mimi nikaleta sahani kwenye maji baridi. Akadondosha tone, akalisukuma kwa kidole. Likajikunja, mwanangu. Likajikunja kama utando wa maziwa, ulivyoandika. Tukasimama tunalitazama watu wazima wawili kama tunatazama kitoto.

Akalamba kile kidole. Halafu akasema, mwambie sukari anazidisha.

Nikamwambia, Pankrasi, miaka miwili, na huo ndio ujumbe?

Akasema, ndio huo. Mwandikie leo, Polikarp anaondoka Jumatatu.

Siku zote hizi sikumuuliza lile swali lako, na sasa nikuambie kwa nini. Niliogopa nikiuliza nitapewa jibu. Nikisubiri niliona angalau jibu baya halijaja. Nilijaza karatasi kwa habari za dagaa ili usione. Nisamehe.

Hajasema atakuja. Sitakudanganya tena. Amesema sukari.

Mama yako,
Skolastika


Novisiati
20 Desemba 2024

Shikamoo Mama,

Shikamoo Baba. Najua unasoma, kwa hiyo nakuamkia hapahapa.

Barua ilinifikia niko bandani kwa nguruwe. Nilisoma mpaka pale kwenye sukari, nikakaa juu ya ndoo. Nilicheka peke yangu mpaka Sista Mlezi akaja kuangalia kama ninaumwa. Nikampa asome mwenyewe. Akasoma, akakunja, akaniambia, huyo mzazi ameshaanza kuja, yuko njiani. Siku hiyohiyo nikaandika barua yangu kwa Mama Mkuu mara moja, bila kuchana. Nilimpelekea tarehe saba, siku moja kabla ya mwisho. Nilikuwa nimesema nitasubiri mpaka nijue kama Baba anakuja. Sikusubiri. Aliyefanya kazi ya kutafuta limao hajanikataa, nimeona hivyo.

Nimekubaliwa. Jumapili iliyopita Mama Mkuu alituita mmoja mmoja. Nadhiri zitakuwa Jumamosi tarehe moja Februari, misa saa tatu asubuhi. Familia zinapokelewa siku moja kabla, mahali pa kulala papo, wanaume jengo la shule, wanawake huku kwetu.

Baba, sukari nimepunguza. Bakuli nne kwa mbili na nusu. Wenzangu wamesema ladha ya matunda sasa inasikika. Sista wa jikoni anasema haitakaa muda mrefu kama ile ya zamani, lakini hapa hakuna jamu inayokaa. Ulikuwa umesema kweli.

Ila lile swali langu lipo palepale. Mtu akikosekana upande mmoja nitatembea hivyohivyo, sitamwomba Baba Mdogo. Upande huo utakaa wazi na mimi nitafika mbele. Nakuambia ili ujue kwamba mahali pako sijampa mtu.

Krismasi njema. Mama, hongera kwa tone lililojikunja.

Careen


Ruhuwiko, Songea
12 Januari 2025

Amesema, mwanangu. Amesema mbele ya watu, jumuiya nzima mashahidi, hata akitaka kujirudi hana pa kupitia.

Tumsifu Yesu Kristo, Sista wangu mtarajiwa. Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Sista Mlezi, na kwa nguruwe pia, maana wametajwa sana. Krismasi tulikula jamu na mkate, na Rosemary alikuja na Dastan kutoka Nakapanya, ameota jino. Miezi minne, jino.

Sasa sikiliza. Jana jumuiya ilisali hapa kwetu. Barua yako ya Desemba ilikuwa imelala mezani wiki mbili, baba yako anaipita, anaigeuza, anaiacha. Mimi safari hii nilikuwa nimemuuliza kwa maneno, mara mbili, ulivyonifundisha. Mara ya kwanza akasema ana kazi ya milango ya mtu. Mara ya pili akasema tutaona. Chai ya siku hiyo alijichemshia.

Baada ya sala nikawapa watu chai na mkate na jamu, chupa nne zikaisha nikiwa natazama. Wanasifu, mimi napokea. Bartholomeo akasimama kutoa matangazo. Akasema mtoto wetu Careen anaweka nadhiri, ni heshima kwa jumuiya, lazima tumsindikize. Halafu akasafisha koo, unamjua anavyosafisha koo, akasema, na kwa kuwa wote tunafahamu hali ilivyo, mimi na Mzee Hironimus tumeongea, yeye atamshika mtoto mkono kwa niaba.

Baba yako alikuwa kwenye kile kiti cha pembeni karibu na dirisha, kipande cha mkate mkononi, jamu imemfika kidevuni. Akasema, kwa niaba ya nani?

Bartholomeo akasema, kwa niaba ya baba, Mzee Pankrasi.

Baba yako akauliza, mimi nimekufa lini?

Careen, Hironimus akatazama dari. Baba yako akamalizia ule mkate, akajifuta, akasimama. Akasema, mtoto nilimkasirikia, ni kweli. Nilitaka anipe wajukuu, na mimi si mtu wa kugeuka haraka. Lakini mkono wake ni wangu mimi na mama yake. Hironimus utakaa kwenye benchi. Halafu akaangalia watu wote, akauliza, nani anakuja na sisi?

Mikono ikainuka mpaka ya watoto. Mama Shukuru aliinua yote miwili kwa sababu anasema forosadi zilikuwa zake. Hata mke wa Bartholomeo, ambaye tangu ile ya dagaa alikuwa akinisalimu kwa mbali, aliniambia pembeni kwamba hii ya sasa angetaka kujifunza. Nikamwambia nitafikiria. Inavyopikwa nimeshamwandikia, lakini nilitaka afikiri nafikiria.

Basi tumehesabu, tuko thelathini na mmoja, pamoja na Dastan. Isidori mwenye basi dogo atatubeba wengi, wengine watakuja na gari la parokia. Mimi nitavaa kitenge kipya, chekundu, utaniona tu hata ukiwa mbele umefumba macho. Nitakushika mkono wa kushoto, wa kulia nimemwachia yeye maana ameuomba. Nakuambia mapema, nitawaambia watu wote hapo kwamba wewe ni wangu, na Sista Mlezi asinikataze, siku hiyo moja tu.

Chupa tunaleta ishirini na nne. Kumi na sita nimepika mimi. Nane amepika yeye, ameweka sukari yake anavyotaka, na amezitengenezea sanduku la mninga lenye vyumba, kila chupa na chumba chake, zisigongane njiani. Hizo nane anasema nisizichanganye na zangu. Nimemwambia watu wataonja na kuamua. Amesema, waamue.

Nilikuwa nataka kukuandikia na saa tutakayoondoka, lakini amekuja hapa amesimama juu ya bega langu anasoma, sasa anataka kalamu. Nampa.

Careen, ni mimi baba yako. Mama yako anaandika mengi na siku ameisahau. Tutafika Ijumaa, tarehe thelathini na moja Januari.